Bamba Ulilopaka Rangi

Ruangwa, Jumamosi alasiri

Mwanangu Editha,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Mchana umekula ugali wa muhogo na kisamvu, ukabakiza, mama yako akakugombeza. Sasa mmekwenda wote wawili misheni kumuaga Bibi, na mimi nimejifungia hapa stoo ya Ujenzi, nimekaa juu ya pipa la lami, naandikia kwenye ubao wa kupangia spana. Nyumbani nisingeweza kuandika haya. Ungeniona usoni, ungeuliza, nami ningejibu "si kitu" kama kawaida yangu.

Mambo ya blanketi, sabuni na dawa za malaria mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na ya nne itakuja kesho ukiwa umeshapanda lori. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu. Nimeishi nalo miaka mingi, na huko chuoni unakokwenda utalijua tu, siku moja darasani, bila mimi kuwepo. Nimeona afadhali ulisikie kwangu.

Ni kuhusu daraja la Namkonda, lile la njia ya Nachingwea, na bamba ulilopaka rangi. Najua unalikumbuka, maana huachi kulitaja. Rafiki zako wote wanalijua. Hata kwenye usaili, wale wazee walipokuuliza kwa nini msichana anataka kusomea ujenzi wa madaraja, uliwajibu, "Nikiwa darasa la pili nilipaka rangi daraja pamoja na baba yangu." Ulirudi ukatusimulia walivyocheka kwa furaha, na mama yako akapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya namtafuta kuku.

Bamba lile, mwanangu, halikutakiwa kupakwa rangi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Mimi mtu wa Singida nililetwa huku kikazi nikiwa fundi sanifu kijana, cheti kipya mfukoni na kiburi kipya kichwani. Daraja lilikuja vipande vipande kutoka bandari ya Mtwara. Lilikuwa na mihimili miwili ya chuma, na kila mhimili umekuja katika vipande viwili, kwa sababu hakuna lori ambalo lingeweza kuubeba mzima kwenye kona zetu. Kazi yetu ilikuwa kuviunganisha. Unakutanisha ncha mbili, unaweka mabamba juu, chini na ubavuni, matundu yanalingana, unapitisha bolti, unakaza. Bolti zenyewe zilikuja kwenye makasha, nzito, zenye alama vichwani, pamoja na spana ndefu yenye saa ya kupimia nguvu. Nilikuwa silali bila kuifuta spana ile.

Vyuma vililala kwenye majani masika nzima, tukisubiri saruji ya nguzo. Vikashika kutu. Ndipo ikaja habari kwamba Mwenge utapita kwetu mwaka ule, na utazindua daraja. Unajua mambo yanavyokuwa. Mawe ya barabarani yakapakwa chokaa, shule zikaanza kufanya mazoezi ya nyimbo, na mwenyekiti wa kijiji akaja kuangalia vyuma vyangu akiwa na fimbo yake. Aligonga mhimili mara mbili, akatazama vumbi jekundu lililoanguka, akasema, "Ndugu fundi, Mwenge hauzindui kutu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini neno lile liliniingia. Nikaapa hakuna mtu atakayeona doa la kutu kwenye daraja langu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Kwenye mchoro, pembeni chini, kulikuwa na tanbihi ya herufi ndogo. Ilisema nyuso za vyuma zitakazogusana ndani ya maungio zisipakwe rangi wala mafuta, zisuguliwe tu kwa brashi ya waya. Niliisoma. Sitaki udhani haikuonekana au karatasi ilikuwa imechanika. Niliisoma vizuri, nikacheka, nikawaambia vijana wa kazi, "Wazungu hawa kwa ubahili! Wanabana rangi hata hapa." Na sisi rangi nyekundu ya kuzuia kutu tulikuwa nayo mapipa na mapipa.

Babu yako alikuwa seremala. Alikuwa akipiga randa hata mgongo wa kabati, upande utakaoegemea ukuta, ambao hakuna atakayeuona mpaka mwenye nyumba afe wagawane vitu. Nimekua nikiamini hiyo ndiyo kazi ya heshima. Nikasema nitapaka kila mahali, na mahali pa kufichika ndipo nitapaka mara mbili. Mvivu angeviacha vile vyuma, akavisugua kidogo akavifunga na wekundu wake, na daraja lingekuwa zima hadi leo. Linaniuma hilo kuliko yote, kwamba niliharibu kwa bidii.

Ulikuja ukitoka shule. Nilikufukuza, hukuondoka. Basi nikakupa brashi na bamba la chini la mhimili wa upande wa juu wa mto. Ulipiga magoti ukapaka pande zote mbili, ulimi nje, ukizungusha brashi taratibu kwenye kila tundu rangi isizibe. Gauni la shule liliharibika na mama yako hakusema nasi hadi siku ya pili yake. Rangi ikakauka. Nikalifunga bamba lako kwa mikono yangu, nikakaza bolti kwa spana ya kipimo, saa ikasoma sawasawa kabisa. Mwenge ukaja, mkaimba, lori la kwanza likapita na watu wakashangilia. Siku ile nililala fofofo.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa mafunzo. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo. Alichukua daftari mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akazibana kwa vidole, akamwambia mmoja wetu, "Vuta ya juu." Haikutoka. Akaweka kipande cha nailoni katikati, akabana vilevile, kwa nguvu ileile. "Vuta." Ikateleza hadi mezani. Akasema bolti za namna hii hazizuii mzigo kwa miili yake. Kazi yake ni kubana. Kinachobeba lori ni chuma kung'ang'aniana na chuma kikavu, na ukipaka rangi katikati, kubana kutakuwepo na kung'ang'aniana hakutakuwepo.

Wote wakaandika. Mimi sikuandika. Nililowa jasho mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeshikwa na malaria, nikamwambia ndiyo.

Ndiyo maana nakuandikia, Editha. Na wewe utakaa darasani hivyohivyo, atakuja mwalimu na daftari zake mbili, na utaliona bamba lako. Nimeifikiria dakika hiyo mara nyingi. Sikutaka ikukute peke yako, na sikutaka hata nusu saa uamini kwamba kosa lilikuwa la mtoto wa darasa la pili.

Niliporudi kutoka mafunzo nilikwenda darajani kabla ya kufika nyumbani. Nikachora mstari kwa msumari, mmoja tu, ulioanzia kwenye bamba lako ukapita hadi kwenye mhimili. Kama hakuna kinachosogea, mstari utabaki mmoja. Malori ya korosho yakapita msimu ule, nikarudi, na mstari ulikuwa umekatika. Nusu moja huku, nusu nyingine kule, zimeachana unene wa ukucha. Leo zimeachana unene wa njiti ya kiberiti. Matundu ni mapana kuliko bolti kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo nafasi ya kuteleza imekwisha. Sasa kila lori linapopita chuma kinagonga bolti, na likiondoka kinarudi. Matundu yanalika na nati zinalegea. Halianguki leo, na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu kila siku ambayo halianguki watu wanapata sababu ya kuniona mwoga.

Ninakwenda kuutazama mstari ule kila mwezi. Wewe ulidhani naenda kuvua kambare, ukawa unanitania kwamba sijawahi kurudi na hata mmoja.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilisema, lakini nusu. Niliandika mkoani kwamba bolti zimelegea, naomba mpya, na jeki za kuinulia mhimili. Wakajibu, "Kazeni." Ni jibu sahihi kabisa kwa swali nililouliza. Tukakaza, bolti mbili zikakatika mkononi mwangu. Nikaandika tena, wakajibu kwamba suala langu linashughulikiwa. Nina majibu manne ya namna hiyo kwenye jalada. Katika barua zangu zote hakuna mahali nilipoandika neno rangi. Injinia yeyote angelisoma angeruka kwenye kiti. Lakini angeuliza nani aliyepaka, na mchoro una jina langu na sahihi yangu ya kuupokea.

Mwanzoni niliogopa kufukuzwa kazi. Halafu ulipoanza kujisifia bamba lako nikapata kisingizio kizuri zaidi, kwamba namlinda mtoto asivunjike moyo. Ni uongo, mwanangu. Nilijificha nyuma ya gauni lako la shule.

Nilijaribu njia za kuzungukazunguka. Kiangazi kimoja niliomba watu wa kijiji cha Matambarale wanisaidie, tukaweka magogo makubwa chini ya maungio kama nguzo. Mvua ya kwanza mto ukayachukua yote. Nikasimamisha kibao, mwisho tani tano. Kikaibwa. Nilikuja kukikuta ni mlango wa banda la kuku, maandishi yangu yanasomeka vizuri, na kuku wenyewe hawakufika tani tano.

Msimu uliopita nilifanya jambo ambalo sikukusimulia. Lilikuja lori la korosho limejaa hadi turubai haifungi. Nikasimama katikati ya daraja, nikatanua mikono. Dereva akapiga honi, watu wakajaa, mwishowe akaletwa ofisa mmoja. Alikuwa na haraka. Akaniambia, "Ndugu, unazuia zao la taifa. Unajua wakati huu wahujumu wanapelekwa wapi?"

Nikasema daraja halifai.

"Sababu ya kitaalamu ni ipi?"

Ona, aliuliza. Sitaki umhukumu yule bwana, aliuliza swali zuri mbele ya watu wote. Ningejibu kwa maneno matatu. Nikasema, "Nahisi tu."

"Unahisi," akasema, na watu wakacheka. Nikasogea pembeni. Lori likapita, na kutoka chini nikasikia chuma kikigonga, ko, kisha likaisha kupita, ko, kikarudi.

Huko chuoni utafundishwa kuhesabu maungio. Bolti ngapi, zipangwe vipi, zisikaribie ukingo wa bamba chuma kisije kupasuka, na kwa nini zile za mwishoni mwa mstari hubeba zaidi ya zile za katikati. Utazipenda hesabu hizo, kichwa chako ni cha upande wa mama yako. Lakini kumbuka kwamba hesabu za Namkonda zilikuwa sahihi. Nilizirudia zote baada ya mafunzo, nikitafuta walau kosa la mtu mwingine nipumue. Sikupata. Aliyechora alihesabu vyema chuma kikavu, na mimi nikajenga kitu kingine.

Kwa hiyo ukikuta tanbihi usiyoielewa, usicheke kama baba yako. Uliza. Na utakapochora wewe, usiandike tu "msipake rangi". Andika na sababu yake, hata kama itakula nafasi, hata kama wakubwa watasema mafundi hawasomi. Mahali fulani kuna mtu kama mimi, mwenye brashi mkononi na nia njema, na wageni wanakuja wiki ijayo. Mwandikie huyo.

Jana nilimfuata dereva wa lori utakalopanda. Alikuwa anapakia magunia, nikayahesabu kwa macho nikaacha. Nikamwomba abiria washuke kabla ya Namkonda, wavuke kwa miguu.

Akaniangalia. "Mzee, si wewe uliyelijenga?"

"Ni mimi."

"Sasa unaliogopa daraja lako mwenyewe?"

Utingo wake akacheka hadi akakaa juu ya gunia. Na mimi, mwanangu, mtu mzima, nikamwambia, "Basi, mwendo mdogo tu." Nikarudi nyumbani. Nilikukuta unapanga sanduku, unaimba.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako yote, kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatwanga kisamvu. Alitwanga mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Baba Editha, miaka yote hii mimi nilijua una mwanamke huko mtoni."

Nikataka kucheka, nikamwona analia. Akasema, "Mwanangu hapiti pale juu ya motokaa. Shauri yako utakavyofanya." Nikamwambia nimeandika taarifa mpya kwa mkoa, yenye neno rangi, na nilifikiri uipeleke wewe kwa kuwa utapita Lindi. Akakataa palepale. "Karatasi yako uibebe mwenyewe. Mtoto ana mzigo wake." Ana haki. Nitaipeleka Jumanne kwa mikono yangu. Sijui watanifanya nini. Huenda watanifunga, huenda watanijibu kwamba suala linashughulikiwa, na kusema kweli sijui lipi naliogopa zaidi. Bolti hakuna nchini, jeki ziko kwingine, mvua zimeanza, na korosho ziko njiani. Ukweli wangu umechelewa na hautakaza nati hata moja.

Kesho nitapanda nawe hadi Namkonda. Kabla ya daraja nitagonga bodi la lori lisimame. Dereva ataniuliza swali lake lilelile, na utingo atakuwa tayari kucheka. Wewe shuka na wengine watakaokubali kushuka, mvuke kwa miguu. Ukipita juu ya maungio usiliangalie bamba lako kwa aibu. Ulilipaka vizuri kuliko sisi wote, hakuna tundu uliloziba. Mimi sitavuka nawe. Nitakuwa chini, kwenye mstari wangu wa msumari, nikiangalia lori likipita, kwa sababu sina kingine ninachoweza kulifanyia daraja lile zaidi ya kuliangalia. Likifika ng'ambo, panda uende, usinisubiri nipande juu. Nitapunga mkono kutoka huko chini. Usipouona, jua umepungwa.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, katikati ya daftari zako mbili mpya za chuo, uisome jioni hii kabla taa haijazimwa. Asubuhi usiniambie neno. Najijua, Editha. Ninaweza kufika pale, dereva akaniuliza, nikasema tena, "Mwendo mdogo tu." Hilo naliogopa kuliko mto wenyewe. Mbele ya ofisa nimeweza kunyamaza, mbele ya wakubwa wa mkoa nimeweza, hata mbele ya mama yako niliweza miaka yote hii. Sasa nimekwambia wewe, kusudi kesho pawe na mtu mmoja pale barabarani anayejua jibu.

Nitakapogonga bodi, simama karibu nami.

Baba yako